Nilibadili sproketi ya pikipiki, spidomita ikanikosesha mchumba

Wakuu, salaam. Wengi wenu humu ni wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjazituma.

Juzi nimeona kijana analalamika kwamba amebadili sproketi ya bodaboda na sasa spidomita inamdanganya. Mkamcheka. Mimi sikucheka, maana yamenikuta. Nitakayosema ni kweli tupu. Mashahidi wengi wameshafariki, lakini hilo si kosa langu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za mkoloni. Nilikuwa kibarua wa karakana kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, na nilikuwa na pikipiki ya Kiingereza niliyoinunua kwa mzungu mmoja mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao. Ilinguruma kama fahali aliyeona fahali mwenzake. Tatizo lilikuwa milima. Ikifika mlimani, fahali anageuka ndama.

Fundi Selemani wa karakana akanitolea sproketi ya mbele, ile yenye meno inayovuta cheni kutoka kwenye gia, akaniwekea ndogo zaidi. Lo! Pikipiki ikapanda mlima kama inaitwa kula. Nikajiona mtu.

Basi, nikaenda Kishapu kuposa.

Binti aliitwa Kabula. Ukimwona anatoka shambani jioni, pamba nyeupe imemganda kwenye nywele, unasahau ulichokuja kusema. Baba yake, mzee Masanja, alikuwa askari aliyerudi kutoka vita vya Burma. Huko lori lao lilipinduka kwa sababu ya mwendo, na rafiki yake akafia mikononi mwake. Tangu siku hiyo hakuamini dereva yeyote. Aliamini saa ya mwendo tu.

"Sina binti mwingine," akaniambia. "Utanipeleka Shinyanga mjini na hilo dude lako. Mshale ukipita thelathini, mke huna."

Maili thelathini kwa saa, wakuu. Nikacheka moyoni. Mtihani gani huo?

Mzee akapanda nyuma, akaweka blanketi la jeshi lililokunjwa katikati yetu, maana mkwe hagusani na mkwe. Kisha akaegemeza kidevu karibu na bega langu, macho kwenye spidomita. Safari nzima hakutazama kitu kingine. Nchi yote ile, ng'ombe, mashamba, mawe makubwa yaliyobebana, kwake haikuwepo.

Nikaenda mwendo wangu wa siku zote, wa upole kabisa. Ghafla fimbo ya mzee ikanigonga mbavuni.

"Arobaini! Unaniua! Shusha!"

Nikatazama. Kweli, arobaini. Nikashangaa, nikashusha hadi thelathini. Pikipiki ikaanza kutembea kama bibi harusi.

Kwenye mteremko mmoja baiskeli ikatupita. Wakuu, baiskeli! Ina magunia mawili ya pamba na jogoo juu yake. Mwenye baiskeli akatusalimu kwa adabu, "Mwangaluka!" Kisha akauliza, "Imeharibika nini?"

"Mwache," mzee akaniambia. "Huyo anatafuta kifo."

Tulipofika mjini akashuka, akajikung'uta vumbi, akatoa hukumu. "Umefika arobaini. Binti simpi."

"Lakini baba, baiskeli imetupita!"

"Baiskeli ina saa?"

"Haina."

"Sasa umejuaje mwendo wake?"

 Hadi leo nalitafuta jibu la swali hilo.

Nikarudi Geita na moyo mzito kuliko gunia la mawe. Nikamfuata Fundi Selemani. Akaniambia bila hata kuinua kichwa kwamba spidomita ya pikipiki ile inachukua mzunguko wake kwenye gia, sio kwenye gurudumu. Ukiweka sproketi ndogo, gia inazunguka vilevile ila gurudumu linapungua mwendo. Saa haijui hayo. Inaendelea kujisifu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulitaka kupanda mlima. Hukupanda?"

Sproketi ya zamani sikutaka kuirudisha, milima ilikuwa bado inaningoja. Kuagiza kifaa cha kurekebisha saa ilikuwa mpaka kisafiri kwa meli kutoka Uingereza. Meli ifike, Kabula ana watoto watatu wa mtu mwingine. Nikaenda Shinyanga kwa fundi saa, nikambembeleza. Akaifungua, akaifupisha ile springi nyembamba kama unywele inayoushika mshale. Jaribio la kwanza, mshale ukalala sifuri, ukagoma. La pili ukakubali. Nikapima kati ya nguzo mbili za maili: mshale thelathini, dakika mbili kamili. Namba za kuhesabu maili ziliendelea kudanganya, lakini hizo mzee hakuwa na habari nazo.

Mshenga wangu akaenda kumwomba mzee mara ya pili. Kwa shida, akakubali.

Njia ileile. Blanketi lilelile. Safari hii mshale thelathini, na mwendo wenyewe ni thelathini kweli. Upepo ukavuma masikioni. Mbuzi wakaruka njia. Baiskeli tukazipita kama zimepandwa ardhini. Kofia ya mzee ikaruka, sikuthubutu kusimama. Nikaisubiri fimbo mbavuni. Nikasema moyoni, kwaheri Kabula.

Tukafika. Mzee akashuka, macho yamejaa machozi ya upepo, ndevu zimegeukia upande mmoja.

"Unaona?" akasema. "Huu ndio mwendo wa mtu mwenye akili. Nusura nisinzie."

Tukaoana baada ya mavuno. Siku ya kumchukua, Kabula alipanda nyuma yangu, akanyoosha mkono, akafunga kanga yake juu ya ile spidomita, akasema, "Haya, twende."

Funzo, wakuu: ukibadili sproketi, rekebisha na spidomita. Ukishindwa, basi jua kwamba watu wataamini mshale kuliko upepo unaowavua kofia.

Mafundi mtakaosema springi haifupishwi hivyo, uwanja ni wenu. Ila kila mtu aanze kwa kutueleza yeye mke alimpata kwa maili ngapi.