Hodi Mlangoni kwa Waliolala

Wenzake kazini walimwita Bwana Hodi, naye hakukasirika. Jina la utani likishakupenda, utalikimbilia wapi? Alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti, mtu mnene, mpole, aliyenukia sabuni hata siku za mapumziko. Kila alipofika kwenye mlango wa chumba cha baridi alibisha kwanza, akasema hodi, akangoja kidogo, ndipo akafungua.

Mkewe alimtania. "Siku wakikuitikia, baba watoto, usije mbio kwangu. Mlango nitaufunga."

Msimamizi mpya yeye hakucheka. "Mzee, huo ni ushamba. Sisi ni watu wastaarabu. Wafiwa wakikusikia watasema tumeajiri mwendawazimu."

Bwana Hodi akasema sawa. Kubishana na bosi mpya ni kumpigia mbuzi gitaa, na kazi yake aliipenda. Akaanza kuingia kimyakimya, lakini roho ilimsuta. Alijiona kama mtu anayeingia chumba cha mgeni akamkuta hajavaa.

Asubuhi moja akaja mama wa makamo kumwona mwanawe, aliyegongwa na lori, kabla hajazikwa. Alipofika mlangoni miguu ikagoma.

"Ni dakika moja tu, mama," msimamizi akambembeleza.

"Nirudisheni nyumbani. Siwezi kuonyeshwa mwanangu kama mzigo."

Tayari alikuwa amegeuka. Bwana Hodi aliona uchungu, kwa kuwa aliwajua wafiwa walioondoka bila kuwaaga wapendwa wao. Wengine walirudi baada ya miezi, wakasimama nje ya geti bila kujua wamefuata nini. Akamtazama msimamizi. Liwalo na liwe, akabisha.

"Hodi, kijana. Samahani kwa usumbufu. Mama yako yuko hapa mlangoni, anaomba kukuona."

Msimamizi akainamisha kichwa kwa aibu. Bwana Hodi akangoja kama ilivyokuwa desturi yake. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwitikia, wala hakuwahi kuona kuwa amenyimwa jibu. Akashika kitasa.

"Karibu, baba," akajibu mama nyuma yake. "Huyu akilala hasikii kitu. Mimi ndiye huwaitikia wageni wake."

Akafuta machozi kwa kiganja, akatangulia kuingia.