Mwalimu Mila na Uwanja wa Kiwanda

Milagrosa Gumban alifundisha hesabu katika shule yetu kwa miaka thelathini na moja, na kwa kumi na tisa kati ya hiyo alifundisha tenisi pia. Mimi nilifundisha sayansi darasa la jirani. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo nilizoea sauti yake kabla sijazoea sura yake.

Alizaliwa kambini, kwa wakata miwa wa hapa hapa kisiwani Negros, Ufilipino. Utotoni aliwaokotea mipira mameneja wa kiwanda cha sukari, na kwa kuwatazama tu akajifunza mchezo. Alipopata kazi ya ualimu alirudi kiwandani kuomba uwanja kwa ajili ya wanafunzi wake. Walimkubalia kwa sharti moja: mameneja hucheza asubuhi na jioni, hivyo watoto wachukue mchana, saa sita hadi saa tisa.

Wazazi wachache walinung'unika kuhusu jua kali. Mila aliwacheka watoto waliorudia maneno hayo. "Baba zenu wako kwenye miwa saa hizi hizi," aliwaambia. "Nyinyi mna maji na viatu. Haya, kimbieni."

Hakuolewa. Jumamosi alikuwa uwanjani, sikukuu alikuwa uwanjani. Alishona sketi za timu kwa mkono wake, akawapikia uji wa mchele na tangawizi kabla ya mashindano, na aliyefeli hesabu hakugusa raketi mpaka afaulu. Watoto saba wa kambini walipata nafasi vyuoni kwa sababu ya tenisi. Mji mzima ulimheshimu, na mimi nilimwonea wivu kidogo, sitaficha.

Jovelyn Dignadice alikuwa na miaka kumi na minne. Baba yake alikuwa ameshafariki. Mama yake, Nenita, alipalilia miwa kama kibarua. Jovelyn alikuwa msichana mkimya, mwenye pigo la mkono wa kushoto ambalo wavulana hawakuweza kulirudisha. Mila alimwambia Nenita mbele yangu, "Huyu atafika Manila." Nenita akajibu, "Afike salama tu, Mwalimu."

Ilikuwa Aprili, zimebaki wiki mbili kabla ya mashindano ya mkoa. Nilikuwa nimekaa kibarazani kando ya uwanja nikisahihisha mitihani. Wasichana walikuwa wakikimbia mizunguko. Jovelyn alisimama mbele ya Mila, mikono magotini.

"Mwalimu, kichwa kinaniuma."

"Kinauma sana?"

"Kinagonga."

"Imebaki miwili. Malizia, halafu ukae kivulini."

Alimaliza. Aliketi karibu nami, nikampa chupa yangu ya maji, naye akaishika bila kunywa. Nilimuuliza kama yuko sawa. Alinitazama akaniita kwa jina la mdogo wake. Niliona kwamba ngozi yake ilikuwa kavu kabisa, haina jasho, na mimi mwalimu wa sayansi nilijua maana yake: joto lilikuwa limemzidi mwili. Nikapiga kelele. Mila alimbeba mgongoni mpaka barabarani, tukapanda pikipiki yenye kibanda, tukimmwagia maji njia nzima. Hospitalini hakuamka tena. Alifariki kabla jua halijazama.

Waliulaza mwili wake nyumbani siku tisa, kama ilivyo desturi yetu. Watu walicheza karata uani, wakanywa kahawa na kula biskuti. Mila alifika kila siku, akaketi kwenye benchi la mwisho. Nenita hakumsemesha wala hakumfukuza.

Siku ya tano mwalimu mkuu, Bwana Sumagaysay, alituita ofisini. Kwenye meza kulikuwa na taarifa iliyokwisha kuchapwa. Ilisema Jovelyn alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu kuzaliwa na kwamba hakulalamika kwa yeyote.

"Kiwanda kitagharimia mazishi," alisema. "Mama yake atapata kitu. Shule itapona. Na wewe, Mila, utaendelea na kazi yako. Saini hapo, basi."

"Alilalamika," Mila alisema. "Aliniambia mimi."

"Nani mwingine alisikia?"

Mila hakunitazama. Mwalimu mkuu ndiye aliyenitazama.

"Nilikuwa nasahihisha," nilisema. Nikasaini.

Mila aliandika taarifa yake mwenyewe kwa kalamu, ukurasa mmoja. Kabla ya kuipeleka wilayani aliichukua hadi nyumbani kwa Nenita, akaniomba nimsindikize. Sijui kwa nini alinichagua mimi, wala kwa nini nilikubali. Alisoma amesimama mlangoni. Alipofika pale pa "nilimwambia amalizie miwili", aliendelea kusoma. Nenita alikuwa akikunja nguo za mtoto.

"Umekuja kunisomea ili upate usingizi?" Nenita aliuliza.

"Hapana. Watakuletea karatasi nyingine inayosema moyo wake ulikuwa mbovu. Nimetaka uijue hii kwanza."

"Moyo wake haukuwa na kitu."

"Najua."

"Alisema kichwa kinamuuma, ukamwambia akimbie."

"Ndiyo."

Nenita aliweka nguo chini. "Toka, Mwalimu. Na huyo uliyekuja naye atoke."

Watu wa kiwanda walipokuja na karatasi yao, Nenita alikataa kutia alama ya kidole. Akamzika binti yake kwa michango ya wapaliliaji wenzake.

Mila aliipeleka taarifa yake wilayani, akasimamishwa mwaka mzima bila mshahara, akapigwa marufuku kufundisha mchezo wowote. Taarifa niliyosaini ilibaki kwenye faili. Hakuna aliyeniuliza tena. Kiwanda kiliufunga uwanja, wakaivunja sakafu yake, na malori ya miwa yakaanza kuegeshwa pale. Wazazi wa watoto waliokuwa na matumaini ya chuo walimlaumu Mila zaidi kwa kusema kuliko kwa kilichotokea. Mmoja alimwambia sokoni, "Ungefunga mdomo, wangu angekuwa anacheza." Mila alilipia samaki wake akaenda zake.

Alirudi kufundisha hesabu. Mwaka wa tatu, mdogo wake Jovelyn aliingia darasani mwake, amebeba ujumbe wa mama: "Mfundishe hesabu. Usimfundishe kingine." Alimfundisha hivyo, miaka minne, na mtoto alifaulu.

Nilimwomba msamaha mara moja tu, tukiwa tunafuta ubao. Alisema, "Wewe ulikaa. Mimi ndiye niliyemwambia akimbie." Sikuweza kujua kama alinisamehe.

Figo zilimmaliza akiwa na miaka hamsini na nane, miezi michache baada ya kustaafu mapema. Msibani walikuja watu wachache kuliko nilivyotarajia. Nenita alikuja siku ya tatu. Hakulikaribia jeneza. Aliingia jikoni, akachukua kisu, akamenya tangawizi pamoja na wanawake wengine mpaka sufuria ya uji ikajaa, akanawa mikono, akaondoka.