Barua za Mwinshehe kwa Marehemu Wanaopumua

Kila Jumatatu asubuhi nilikuwa nakuta barua mlangoni kwangu, na kila Jumatatu nilikuwa naapa kuichana. Mimi ndiye mwenye banda la kuonyeshea filamu pale Sofu, Kibaha. Mlango wangu, gundi yake. Mwandishi ni Mwinshehe Shomari, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa mjini, mtu ambaye kwa miaka ishirini na sita amepanga mafaili ya wenzake bila yeyote kumuuliza yeye anaonaje. Basi maoni yote aliyoyaweka moyoni akaja kuyamwaga kwangu.

Nani alimpa kazi ya kuhakiki filamu? Hakuna, alijiteua. Na kwa kuwa maishani mwake hakuzoea kuandika kitu kingine isipokuwa barua ya ofisi, uhakiki wake nao ulikuwa barua ya ofisi: kumbukumbu namba juu, YAH katikati, aya zenye namba, nakala kwenye faili. Nakumbuka hii, niliisoma nikiwa nimeshika ufagio:

"Husika na somo tajwa hapo juu. 2. Mhusika mkuu alipigwa risasi ya kifua Jumanne, akatoka hospitali Jumatano na shati lile lile, halina tundu. 3. Msichana wa kazi ana kucha ndefu kuliko za mwajiri wake. Haijulikani anasongaje ugali. 4. Nawasilisha."

Wateja walikuwa wanasoma, wanacheka, halafu wanaingia kulitazama hilo shati. Ndiyo maana sikuzichana.

Kilichomkera kuliko vyote ni maiti wanaopumua. Hapo hakuwa na huruma hata chembe. Filamu inaweza kuwa na majini, mapacha waliopotezana sokoni na mapenzi yasiyo na kichwa wala miguu, atavumilia. Lakini tumbo la marehemu likipanda na kushuka chini ya shuka, Mwinshehe anasimama gizani na kuhesabu kwa sauti. Filamu ya kwanza ya Jenifa, binti wa hapa hapa Sofu aliyeihangaikia miaka miwili, aliihesabia pumzi kumi na nne, na banda zima likahesabu naye. Jenifa alikuwa amekaa mstari wa mbele na mama yake. Siku ile nilitamani kumpiga Mwinshehe na kiti.

Jumatatu Jenifa alimvizia mlangoni.

"Shikamoo, Mzee Mwinshehe."

"Marahaba, mwanangu. Barua umeiona?"

"Nimeiona. Napiga filamu nyingine kule Kurui na nahitaji maiti. Njoo ulale wewe."

Mwinshehe alicheka. Jenifa hakucheka.

"Usipojitikisa, mimi naacha filamu," akasema. "Ukijitikisa, utakiri kwa barua hapa mlangoni, kwa mkono wako, halafu uache uhakiki."

Ningekuwa mimi ningekataa. Lakini watu walishasikia, na yule mzee hakuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani isipokuwa zile barua. Hata hizo hakuna aliyewahi kumjibu. Siku moja aliniambia, kwa uchungu kabisa, kwamba faili lake lina barua zinazotoka tu, inayoingia hakuna hata moja. Akakubali.

Alijifua wiki mbili. Mkewe, Mwanamvua, alinisimulia kwamba kila jioni mzee alikuwa analala mkekani na kikombe cha maji juu ya tumbo, na ole wake mtu apige chafya.

"Baba watoto anajifunza kufa," aliniambia, "na miye najifunza kukaa eda."

Tukaenda Kurui, kwenye nyumba ya ukoo wa Jenifa, mimi na Mwanamvua tukiwa wafiwa. Mwinshehe akalazwa mkekani, shuka hadi kidevuni, pamba puani, kamera ikawashwa. Na haki yake nisimnyime: yule mtu alikufa. Nilimkodolea macho tumboni, halikupanda wala kushuka. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwanamvua alianza kulia machozi ya kweli, akamshika mguu kuhakikisha una joto. Nyuma ya kamera Jenifa alikuwa anatafuna kucha, na mimi nikaanza kumsikitikia.

Kosa letu ni kwamba tulikwenda na Silvanus. Silvanus ni fundi umeme, Mnyamwezi wa Urambo, na tulimchukua ashike taa, basi. Lakini Mwinshehe ni Mzaramo, mtani wake, na Mnyamwezi gani atamwona Mzaramo amelazwa msibani akanyamaza? Utani wa msibani hauombi ruhusa kwa mwenye kamera. Silvanus aliweka taa chini, akajifunga kanga ya Mwanamvua kiunoni, akakaa upande wa kichwani kwa maiti na kuvaa miwani ya marehemu.

"YAH: Maisha ya Mwinshehe Shomari," akasoma kutoka kwenye kiganja chake kitupu. "Husika na somo tajwa hapo juu. Mbili: mwanzo ni mrefu, katikati hakuna jambo. Tatu: mke ameigiza kumpenda miaka thelathini bila kukosea, apewe tuzo. Nne: Mzaramo huyu leo ametulia kwa mara ya kwanza. Azikwe upesi kabla hajaanza kutoa maoni. Nawasilisha."

Kwanza ulicheza mguu. Kisha shuka zima likatetemeka, na pamba moja ikafyatuka puani ikatua kwenye mapaja ya Mwanamvua. Maiti alicheka mpaka akakaa, machozi yanamtoka, anamwomba Silvanus miwani yake. Wafiwa wote tuligaagaa chini. Jenifa hakuzima kamera.

Filamu ilipokuja kwangu, kile kipande kilikuwemo. Jenifa alibadili hadithi: mzee anafufuka akicheka, na warithi wanatoka mbio. Banda lilijaa hadi madirishani, watu walipiga makofi wamesimama. Mwinshehe alikaa nyuma kabisa, hakuhesabu kitu.

Jumatatu barua ilikuwepo.

"Husika na somo tajwa hapo juu. 2. Marehemu alijitikisa, alicheka na alikaa. Upungufu wa aina hii haujawahi kutokea tangu nianze kazi hii. 3. Hata hivyo, huyu ni marehemu wa kwanza ambaye banda zima lilifurahi kwamba hakuzikwa. 4. Kwa barua hii naacha uhakiki. Nawasilisha."

Nililia, sina sababu ya kuficha. Wateja walisoma na hakuna aliyecheka. Jumatatu iliyofuata mlango ulikuwa mtupu, na mimi niliyeapa miaka yote kuchana zile karatasi nikawa naupitia mlango wangu naangalia pembeni.

Jumatano Jenifa alikuja na gundi yake.

"YAH: Ombi la kuacha kazi. Rejea barua yako. Ombi limekataliwa, kwa kuwa marehemu hana sifa ya kujiuzulu. Unaagizwa kufika kwenye filamu yangu ya tatu na kalamu."

Nikampigia simu Mwinshehe. Alifika na nguo za ofisini, akaisoma mara tatu, midomo inacheza.

"Haina tarehe," akasema.

Kisha akaazima kwangu kisu cha vitunguu, akaibandua polepole asichane hata kona, akaenda nyumbani kufungua faili la barua zinazoingia.