Lenzi Iliyopinda Mpaka wa Dani

Hii stori hainisaidii. Ukiimaliza utajua mimi ni mjinga, kwa hivyo wacha niseme mapema, usijisumbue kugundua.

Nyanya yangu, tunamwita dani, ana shamba huku juu ya Kendu Bay, penye jua kali hadi mbuzi inatafuta kivuli cha kuku. Mpaka wake na jirani ni safu ya bondo, ile miti ya jangwani yenye mikono juu kama watu wamekamatwa na polisi. Babu aliipanda kwa kamba, imenyooka. Sasa jirani akaanza kudai bondo zimeingia kwake, eti kipande cha mihogo ya dani ni chake. Naibu wa chifu, mtu mwenye kazi nyingi sana ya kukaa, akasema, "Leteni picha Jumatano."

Mpiga picha wa familia ni nani? Mimi, profesa wa darasa la nane. Nilikuwa nimetoka Migori na lenzi ya jicho la samaki, ile ndogo ya kubana kwa simu. Inameza kila kitu, hadi viatu vyako. Mtu wa kawaida angepiga mti kwa mti. Mimi nikasimama katikati ya mihogo, paap! Miti yote kwa picha moja. Nikaichapisha kubwa Homa Bay. Dani haoni vizuri, akaifunga kwa leso kama hati ya shamba.

Jumatano naibu wa chifu akaifungua. Mpaka umepinda kama upinde, tumbo lote liko kwa jirani.

Jirani hata hakubishana. "Asante, omera, ndugu yangu," akaniambia. "Mimi sikuwa na ushahidi."

"Nyakwara, mjukuu wangu," dani akasema, "hiyo miti umeifanyia nini?"

"Ni lenzi, dani. Inapinda vitu."

"Na ulijua?"

Nikakohoa.

Ikabidi nibane lenzi, nimpige picha naibu wa chifu mwenyewe mlangoni pa ofisi. Akajiona na kichwa kama boga, ukuta umefura nyuma yake. Hakucheka. Alichukua kamba akaja shambani, akaivuta kutoka bondo ya kwanza hadi ya mwisho. Zote ziligusa kamba. Mihogo ikabaki ya dani.

Tukirudi nyumbani, dani akasimama langoni.

"Siku nikifa," akasema, "picha za matanga apige mtu mwingine. Sitaki watu waseme nilizikwa kwa mtumbwi."