Nilivyopanda Baiskeli ya Shemeji Karonga

Dada yangu alivuka mto Songwe akaolewa na karani wa duka kule Karonga, kwa Waingereza, na karani huyo alikuwa na baiskeli. Mimi niliolewa hapa hapa Ndandalo, kwa Wadachi, na mume wangu alikuwa na miguu. Habari zikaja kwamba jioni dada huketishwa nyuma ya baiskeli na kuzungushwa mji mzima. Wivu ulinila hadi nikaunguza ndizi jikoni.

Baada ya mavuno nikaenda kumsalimu. Kusalimu ni neno tu, nilifuata baiskeli.

"Shemeji," nilimwambia karani siku ya pili, "au mimi ni mzito kuliko mke wako?"

Akacheka, akanipakia. Dada akabaki mlangoni, mikono kiunoni. Roho yangu ikasuuzika.

Lakini barabara za ugenini zilinichosha. Kutoka bomani hadi mwisho wa soko, amri ilikuwa baiskeli isizidi mwendo wa mtu mwenye mzigo. Tuliyumba kama walevi, wanawake wenye mitungi wakatupita. Wenye baiskeli wote walitii mpaka askari alipowapa kisogo, hapo walichomoka. Tena walipita kushoto, na sisi askari wa Wadachi walikuwa wametufundisha kwa kiboko kupisha kulia.

"Kaza, shemeji! Dada yangu humwendeshi hivi."

Soko lilipoisha akakaza. Upepo ukanipiga usoni, nikatamani dada angeniona.

Kwenye kona akatokea mzee ana kitambaa kipya begani. Shemeji akapiga kengele, akashika kushoto kwake. Mzee, mtu wa kwetu, akapisha kulia kwake. Upande ule ule. Nikamtambua: baba mkwe wangu, kumbe naye kavuka kwenda dukani.

Kwetu mke hamtazami baba mkwe. Akimwona kwa mbali huingia majanini akajifunika mpaka mzee apite. Ukimkuta uso kwa uso umemtukana, na ukoo wa mume utakukumbusha hadi uzeeni. Kwa miguu unamwona mapema. Juu ya baiskeli sikuwa na muda huo. Nikaruka.

Nilitua mtaroni kwa goti, nguo ikachanika hadi kiunoni. Shemeji akaishia kwenye migomba. Nilijifunika kichwa kwa majani nikilia, wala si kwa maumivu. Nilijua nimeiharibu ndoa yangu kwa kutaka kuringa.

Dada, ambaye kumbe alikuwa akitufuata kwa miguu tangu nyumbani, akafika akihema. Mzee alikuwa amechuchumaa ng'ambo ya njia, ametupa mgongo.

"Ndaga, mwanangu," alimsalimu dada. "Mwulize mkwe wangu, mfupa umevunjika?"

Dada akavuka njia, akaniuliza, akarudi na jibu kwamba sijavunjika. Mzee akainuka, mgongo bado kwetu.

"Mwambie amekimbia vizuri."

Akakiweka kitambaa chake majanini, akaenda zake bila kugeuka.

Dada alikiokota, akakaa nacho mkononi muda mrefu.

"Huu mwaka wa tatu niko huku," alisema. "Wazazi wa mume wangu wako kusini kabisa mwa ziwa. Mimi sina wa kumkimbia hata mmoja."

Nilipaswa kumhurumia. Nilikichukua kitambaa, nikajifunga mbele yake, polepole, aone vizuri.