Kopo la Mafuta ya Mgando

Leo nimefungua begi langu la hoki ya barafu, na chini ya uvundo wa glavu nikanusa mafuta ya mgando. Papo hapo nikawa mdogo, nimesimama kando ya uwanja wa barafu kule Jordbro, Uswidi, na mama amenishika kidevu kama anayesugua sufuria.

"Utaingiaje uwanjani umepauka hivyo? Watu waseme huna mama?"

Nilimkatalia kwa Kiswidi, lugha yangu ya ukaidi. Akanipaka uso, masikio, mpaka viganja.

Nilipopiga mara ya kwanza, fimbo iliteleza ikachomoka pamoja na glavu, ikamgonga kocha mguuni. Timu nzima ilicheka, na timu nzima ilikuwa watoto wanane. Kocha alikuwa ameshatuonya kwamba akiondoka hata mmoja, timu itavunjwa. Basi nikaamua huyo mmoja ni mimi. Nikatoka, nikaanza kufungua kamba za viatu.

Kocha akaja akichechemea, mashavu yamepasuka kwa baridi kama ukoko wa ugali. Akaonyesha kopo mkononi mwa mama, akamwuliza kama mafuta hayo yanasaidia.

"Inama," mama akamwambia kwa Kiswahili. Sijui alielewaje, ila aliinama, akapakwa mpaka masikio. Nyuma yake watoto saba wakapanga foleni, kila mmoja kofia mkononi na macho ameyafumba.

Nikafunga kamba zangu upya.

"Mama," nikamwambia, kwa Kiswahili, "viganja usiwapake."