Kuku Niliyemkamata Rongo

Jirani yangu wa ghorofa ya chini huchinja kuku kila mwisho wa mwezi, na harufu ya manyoya yaliyotumbukizwa kwenye maji moto hupanda ngazi hadi mlangoni kwangu. Si harufu nzuri, nakubali. Wewe uliyezoea kununua kuku akiwa tayari uchi kwenye friji ya duka huenda ukaziba pua. Mimi huacha ninachofanya nikavuta pumzi, kisha nikacheka peke yangu, maana harufu hiyo hunirudisha Rongo, uani kwa Waya, Ijumaa moja ya mwisho wa likizo nilipokuwa na miaka tisa.

Waya ndivyo sisi Waluo tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Siku hiyo tulikuwa tumeanza safari ya kurudi Nairobi baada ya likizo ya Disemba kwa Dani, nyanya yangu, kule Kisegi kando ya ziwa. Gari la Baba lilikuwa limezeeka na lilikohoa kila mlima, kwa hivyo hakuna aliyethubutu kulikimbiza hadi Nairobi kwa siku moja. Mpango ulikuwa tufike Rongo mchana, tulale kwa Waya, Jumamosi, siku yao ya Sabato, tushinde naye kanisani kwake, Jumapili tuendelee.

Asubuhi Dani alilipakia gari mpaka likainama nyuma. Kulikuwa na viazi vitamu, karanga, na omena, wale dagaa wa ziwani, waliotunukisha hadi wikendi ya pili. Mwisho akanikabidhi kuku jike wa madoadoa, miguu imefungwa kwa kitambaa.

"Huyu si wa mama yako, ni wako," aliniambia. "Akitaga huko Nairobi, kula yai unikumbuke."

Kuku huyo nilikuwa nimeshampa jina zamani. Nilimwita Meneja, kwa sababu alizunguka boma akikagua kila kitu na hakuna kilichomridhisha. Baba alinikumbusha kwamba tunaishi ghorofa ya tatu. Mama akasema tutaona, jibu ambalo kwa Mama lilikaribia kuwa ndiyo. Basi Baba mwenyewe akachukua msumari, akatoboa matundu kwenye boksi la sabuni, akamweka Meneja ndani na kumbeba hadi garini huku akinung'unika kuhusu majirani zetu na usingizi wao.

Nilikaa nyuma nimelikumbatia boksi. Wakati huo sikuwa na ndugu, na jioni za Nairobi, mlango ukishafungwa na wazazi hawajatoka kazini, zilikuwa ndefu sana kwangu. Nilikuwa nimeshapanga maisha yetu yote. Meneja angelala kwenye roshani, ningemlisha makombo ya ugali, na ningemsimulia mambo ya shule. Nilimtaka kuku yule kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine chochote.

Tulipofika Homa Bay kujaza mafuta, Baba alimpigia dada yake simu. "Tuko njiani. Usijisumbue, tutakula chochote tu."

Sasa nikwambie jambo. Mtu wa kwetu akimwambia dada yake asijisumbue, amemwambia achinje kuku. Kaka aliyekuja kumtembelea dada aliyeolewa halishwi sukuma wiki. Nyama ya buchari nayo haitoshi, na kumpa samaki mtu anayetoka Kisegi ni kumdhihaki. Ni kuku, au watu watasema.

Waya alitupokea kwa vifijo. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuongoza kwaya bila kipaza sauti, na hakuna mtu niliyemjua ambaye hakumwogopa kidogo. Baba alikaribishwa kwenye kiti chini ya ukuta wa nyumba pamoja na mume wa Waya. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mume huyo alisema akicheka, na wakaanza mazungumzo yao ya bei ya miwa. Niliona kibanda cha kuku kiko wazi na kimya, na pia kwamba Waya anacheka mno, hata pasipo na mzaha, lakini mtoto huona mambo asiyajue maana yake. Niliweka boksi kivulini kando ya jiko, nikaenda kisimani na binti za jirani.

Niliporudi, ua mzima ulikuwa mbioni. Waya alikuwa amejifunga leso kiunoni, vumbi limepanda, na kuku alikuwa akiruka huku na huku.

"Akinyi, zuia huko! Shika hiyo kuku, itaingia kwa miwa!"

Ukiambiwa hivyo ukiwa na miaka tisa huulizi kitu. Nilikimbia kama nimetumwa na serikali. Nilimwona mkia tu, kisha bawa, kisha nikajirusha nyuma ya tangi la maji na kumdaka. Nikasimama nimejaa majivuno. Ndipo nikatazama nilichokuwa nimeshika. Alikuwa Meneja, ananikodolea macho kama kawaida yake, hajaridhika.

Mama alinifikia kabla sijafungua mdomo. Mama ni Mkuria wa Isebania, na pale Baba alipomwoa, Waya alisema hadharani kwamba msichana wa Kikuria hatajua desturi za watu wetu. Kwa sababu ya Mama nyumba yetu ilizungumza Kiswahili. Alichuchumaa mbele yangu.

"Sikiza. Kuku za Waya zilikufa zote kwa ugonjwa, na hata kwa majirani hakuna. Baba yako na mwenye boma wameketi pale wanangoja, na jua likizama Sabato inaingia, hakuna kuchinja. Mimi nimeifungua. Lakini si yangu kupeana, ni yako. Ukikataa nairudisha kwa boksi, na hakuna mtu atakugombeza."

Nilimtazama Waya. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sufuria ya maji moto, hanitazami. Mwanamke yule aliyeogopwa na kila mtu alikuwa ananiogopa mimi.

Sijui ni nini kilinisukuma. Wema haukuwa mwingi, nakuhakikishia, maana moyo ulikuwa unaniuma kweli kweli. Nilitembea hadi kwake na kusema kwa sauti ya kufika kule ukutani, "Waya, kuku wako huyu hapa." Kisha nikaenda nyuma ya gari, nikalia hadi nikachoka.

Tulikula kabla ya jua kuzama, mume wa Waya akatuombea sala ndefu. Baba alionja mchuzi, akafumba macho. "Kuku ya Rongo inashinda ya Kisegi mbali sana," alisema, na uso wake haukucheza hata kidogo.

Kwetu, kila kipande cha kuku kina mwenyewe, na firigisi ni ya mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote mezani. Mtoto wa kike haigusi. Waya aliichota kutoka kwenye bakuli, akampita mumewe, akampita Baba, akaiweka kwenye sahani yangu. Mume wa Waya alikohoa. Baba alikata tonge la ugali. Nikaila huku kamasi zikinitoka, na ilikuwa tamu.

Kwa miaka mingi niliwaringia wenzangu kwamba nimekula firigisi. Niliamini Waya alikosea kwa haraka, na kwamba mimi na Mama tulikuwa tumewafichia siri wanaume wale. Nilipoolewa na kuanza kupokea wageni wangu mwenyewe ndipo nilipoifikiria vizuri meza ile. Baba alilitoboa boksi kwa mikono yake. Mume wa Waya alikuwa amewazika kuku wake mwenyewe. Hakuna aliyedanganywa pale, na Waya alijua hivyo. Jambo moja tu hakuweza kulifanya, nalo ni kuniambia asante, kwa sababu asante ingemrudisha kuku kuwa wangu. Kwa hivyo aliichukua firigisi ya kaka yake, akanipa mimi, na wanaume wawili wakainamia sahani zao, wakaendelea kula.